Ligi mbili zinazogombana: ziungane, au kila moja ife kivyake?

KWA UFUPI

- Marekani ilikuwa na ligi mbili za magari ya mbio zilizogombana kuanzia 1996 hadi 2008. Zilipoungana, moja ilikuwa imefilisika na nyingine imechoka.
- Kenya ilipata ligi kuu mbili za soka mapema mwaka 2015. FIFA iliingilia kati, lakini ugomvi wa msingi uliendelea na mdhamini akaondoka.
- Tanzania Bara na Zanzibar zina ligi mbili, ila hizo si wapinzani. Kuziunganisha kungeweza kupunguza nafasi za kimataifa.
- Jibu fupi: ndiyo, ligi zinazogombea kitu kimoja ziungane, tena mapema, na kwa masharti yaliyoandikwa.

Kwa nini hili linatuhusu huku?

Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita zipatazo 65 za lami. Chukua mfano wa kubuni. Diwani mmoja anaanzisha kombe lake Korogwe, zawadi ng'ombe. Mfanyabiashara mwingine anaanzisha lake Handeni, zawadi ng'ombe na jezi. Ratiba zinagongana, wikiendi zilezile.

Nini kinatokea? Wachezaji wazuri wanagawanyika. Kila mmoja anaenda kwenye posho nono. Waamuzi ni walewale wachache, kwa hiyo upande mmoja unachezeshwa na mtu wa kuokoteza. Muuza maji na muuza machungwa naye inabidi achague uwanja. Mwisho wa siku kombe zote mbili zinakuwa na watu nusu.

Ni kama magulio mawili ya jirani kupangwa siku moja. Mteja ni yuleyule, hela ni ileile, ila sasa imegawanywa mara mbili.

Sasa ongeza ukubwa. Weka televisheni, kampuni za magari, benki na mahakama. Swali linabaki lilelile: wakubwa wawili wakigombana, wakae meza moja au wapigane mpaka mmoja aanguke?

Mfano mkubwa kabisa wa swali hili duniani unatoka kwenye mchezo ambao kwetu haufuatiliwi sana. Tuanzie huko, kisha turudi Afrika Mashariki.

Marekani: mbio moja, ligi mbili

Tunazungumzia magari ya mbio yenye tairi zilizo wazi, yaani tairi zinakaa nje ya bodi, kama yale ya Formula 1. Marekani mashindano yao makubwa kabisa ni Indianapolis 500, yaliyoanza mwaka 1911. Ni mizunguko 200, sawa na maili 500, kama kilomita 805 hivi.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulisimamiwa na chombo kilichoitwa USAC. Mwaka 1978 wenye timu, akiwemo Roger Penske, walichoka. Walisema wao ndio wanaotoa hela na kuhatarisha mali, lakini hawana sauti. Wakaanzisha ligi yao, CART, na msimu wake wa kwanza ukawa 1979.

CART ilikua. Ilipata madereva wenye majina, wadhamini wakubwa na mbio za mitaani mijini. Lakini kulikuwa na kasoro moja: uwanja wa Indianapolis, wenye mbio ambazo kila mtu anazitaka, haukuwa mali yao.

Bosi wa uwanja huo alikuwa Tony George. Aliona wenye timu wamejipa nguvu kupita kiasi na gharama zinapaa. Mwaka 1994 akatangaza ligi yake, Indy Racing League, maarufu kama IRL. Mbio zake za kwanza zilifanyika Florida Januari 1996.

Kisha likaja jambo lililowasha moto. Indianapolis 500 huanza na magari 33. Kwa mwaka 1996, nafasi 25 zikawekwa kwa ajili ya timu za IRL. CART ikabakiziwa 8.

CART ikasusa. Ikaandaa mbio zake Michigan, ikaziita U.S. 500, na kuziweka siku ileile ya Indianapolis: Mei 26, 1996.

Siku ambayo wote walipoteza

Indianapolis walikuwa na uwanja na historia, ila hawakuwa na mastaa. Kati ya madereva 33 walioanza, 17 walikuwa wanashiriki kwa mara ya kwanza. Buddy Lazier akashinda.

Michigan walikuwa na mastaa, ila hawakuwa na historia. Mbaya zaidi, kabla mbio hazijaanza rasmi magari kadhaa yaligongana, na timu zikalazimika kutoa magari ya akiba. Jimmy Vasser akashinda.

Nani bingwa wa kweli? Kila upande ulikuwa na jibu lake. Mtazamaji wa kawaida, yule ambaye hufungua televisheni mara moja kwa mwaka kuangalia mbio, aliona majina asiyoyajua upande mmoja na kombe asilolijua upande wa pili.

Wakati hao wanavutana, kulikuwa na mtu wa tatu: NASCAR, ligi ya magari yanayofanana na ya kawaida ya barabarani. Hiyo ilikuwa moja, chini ya usimamizi mmoja, na bingwa mmoja. Ikavuna watazamaji na wadhamini. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Kufilisika kwanza, kuungana baadaye

CART ilionekana imara. Mwaka 1998 iliuza hisa kwenye soko la hisa la New York. Lakini mlango ulishaanza kufunguka.

- 2000: timu ya Chip Ganassi, iliyokuwa CART, ilirudi Indianapolis na kushinda ikiwa na Juan Pablo Montoya.
- 2001: Penske naye akarudi na kushinda ikiwa na dereva Hélio Castroneves.
- 2002: Penske akahamia IRL moja kwa moja.
- 2003: Honda na Toyota, waliokuwa wanatoa injini, nao wakahamia IRL. Mwishoni mwa mwaka CART ikafilisika.

Januari 2004 kesi ilikuwa mbele ya hakimu wa masuala ya ufilisi. IRL nayo iliweka dau kutaka mali za mpinzani wake. Hakimu akawapa kundi la wenye timu waliotaka ligi iendelee. Ikazaliwa upya kwa jina la Champ Car.

Ikaendelea kwa miaka minne, huku idadi ya magari ikipungua. Msimu wa 2007 magari ya kuanza mbio yalikuwa kama 17 tu.

Februari 2008 wakakubaliana. Champ Car ikaingia ndani ya IRL, na timu zilizohamia zikasaidiwa kupata magari na injini.

Hata baada ya makubaliano, ugomvi uliacha kovu la kuchekesha kidogo. Ratiba zilishapangwa tayari. Wikiendi moja ya Aprili 2008 ligi hiyo "moja" ilifanya mbio mbili: Motegi, Japani, na Long Beach, California. Motegi alishinda Danica Patrick, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ngazi hiyo. Long Beach alishinda Will Power. Pointi za mbio zote mbili zilihesabiwa.

Yaani tukio la kihistoria la Danica lilifanyika wakati nusu ya madereva wako bara lingine.

Na Penske? Yeye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa CART mwaka 1978 ndiye aliyenunua ligi iliyobaki pamoja na uwanja wa Indianapolis. Ununuzi ulitangazwa Novemba 2019 na kukamilika Januari 2020. Miaka zaidi ya 40 ya kuvutana, na mwisho uwanja na ligi vikaishia mkononi mwa mtu mmoja.

Somo la kwanza: kuchelewa ndiko kunakoua

Linganisha na wenzao wa mpira wa Kimarekani. Ligi ya AFL ilianza kucheza mwaka 1960 ikishindana na NFL. Zikapandishiana bei za wachezaji mpaka zikaumia zote. Mwaka 1966, baada ya miaka sita tu, zikakubaliana kuungana. Mechi ya kwanza ya mabingwa wao, ambayo leo tunaijua kama Super Bowl, ilichezwa Januari 1967. Muungano ukakamilika 1970.

AFL ilikaa mezani ikiwa bado na timu, wachezaji na mkataba wa televisheni. Ilikuwa na kitu cha kuleta. Champ Car ilikaa mezani ikiwa imebaki na karibu mifupa mitupu. Wote waliungana, lakini mmoja aliungana akiwa na afya.

Kenya: tuliyoyaona kwa majirani

Huku kwetu mfano ulio karibu zaidi ni soka la Kenya, na ulitokea mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwaka 2003. Baadhi ya klabu zilichoka na uendeshaji wa chama cha soka cha wakati huo, KFF, zikajitoa na kucheza mashindano yao yaliyoitwa Transparency Cup. Mwaka huohuo klabu zikaunda kampuni ya kuendesha ligi, Kenyan Premier League, kwa kifupi KPL.

Vurugu za uongozi zikaendelea. Juni 2004 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia mpira, kifungo kikaondolewa Agosti. Oktoba 2006 ikafungiwa tena, mpaka Machi 2007. Kila nchi inapofungiwa, timu ya taifa haichezi na klabu haziendi popote. Mchezaji wa miaka 22 aliyekuwa kwenye kiwango chake anakaa nyumbani kwa kosa la watu wenye suti.

Baada ya hapo kukatulia. KPL ikaendesha ligi ya timu 16, SuperSport ikaja na kamera, na mechi za Nairobi zikaonekana mpaka kwenye vibanda umiza vya Tanzania.

Mara ya pili ni 2015. Shirikisho, sasa likiitwa FKF, lilitaka ligi iwe na timu 18. KPL ikakataa, ikasema mkataba wa matangazo na bajeti vinabeba timu 16. Hakuna aliyekubali kushuka. FKF ikaanzisha ligi yake ya timu 18 na kuiita ligi kuu. KPL ikaendelea na yake.

Kwa wiki kadhaa Kenya ilikuwa na ligi kuu mbili. Kesi zikaenda mahakamani. FIFA ikaleta pande mbili mezani, na Machi 2015 ikaamuliwa: ligi ya KPL ya timu 16 ndiyo ligi kuu, ile ya FKF iwe daraja la pili. Septemba mwaka huo ukasainiwa mkataba wa kuipa KPL haki ya kuendesha ligi mpaka Septemba 24, 2020.

Msimu ukaokolewa. Gor Mahia wakachukua ubingwa wa 2015 bila kupoteza mechi, na hakuna aliyeuliza "ubingwa wa ligi ipi?"

Lakini ugomvi haukufa, ulilala tu

Hapa ndipo watu wengi huacha kusimulia. Swali la timu 16 au 18 halikuwa limemalizwa, liliahirishwa. Mwaka 2017 ligi ikapanuliwa kuwa ya timu 18. Mwaka huohuo SuperSport ikavunja mkataba na kuondoka, na hela ya matangazo ikakauka.

Mwaka 2019 SportPesa, mdhamini mkuu, naye akajitoa baada ya mvutano wake na serikali ya Kenya kuhusu leseni na kodi. Mwaka 2020 mkataba wa KPL ulipoisha, FKF ikachukua ligi.

Tafsiri yake ni kwamba kuunganisha ligi ni jambo moja, kumaliza sababu iliyozigawa ni jambo lingine. Ukifanya la kwanza bila la pili, umenunua muda tu.

Kwa nini ligi mbili hudhoofishana?

Si laana wala uchawi. Kuna sababu nne unazoweza kuzihesabu kwa vidole.

1. Televisheni inanunua bidhaa moja. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Mnunuzi analipa hivyo kwa sababu anajua Simba na Yanga wote wako ndani. Weka Simba ligi hii na Yanga ligi ile, halafu jiulize nani atasaini karatasi hiyo. Bila Dabi ya Kariakoo umebaki na nini cha kuuza?

2. Mdhamini anaogopa kelele. Kampuni inaweka jina kwenye jezi ili lionekane na mabingwa. Haitaki jina lake lisomwe kwenye habari za mahakamani.

3. Gharama haziungani mkono. Ligi mbili zina ofisi mbili, waamuzi wa pande mbili, mawakili wa pande mbili. Hata wachezaji wanapanda bei kwa sababu wanagombewa. Mapato yanagawanyika, matumizi yanazidi.

4. Ngazi inakatika. Hii ndiyo inayomgusa kijana wa Handeni na Korogwe. Tuipe nafasi yake.

Ngazi ya kutoka wilayani

Soka letu limejengwa kama ngazi. Timu ya mtaani inaanza ligi ya wilaya. Bingwa anaenda ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa anakutana na mabingwa wa mikoa mingine. Kutoka hapo kuna madaraja ya kati, kisha Ligi ya Championship, kisha Ligi Kuu. Juu kabisa kuna mashindano ya CAF.

Ngazi hiyo ina matatizo yake, kila mdau anayajua: nauli, vifaa, malalamiko ya waamuzi. Lakini iko moja, na kila ngazi inajua iliyo juu yake.

Ushahidi upo mkoani Tanga. Msimu wa 2015/16 ulikuwa msiba. Timu zote tatu za mkoa zilizokuwa Ligi Kuu zilishuka pamoja: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu ya vijana wa kambi ya JKT kule Handeni. Mkoa mzima ukabaki bila timu.

Coastal Union, bingwa wa Tanzania mwaka 1988, hakuwa na mlango wa nyuma. Akapambana chini, akapanda mwaka 2018. Msimu wa 2023/24 akamaliza nafasi ya nne, na msimu uliofuata akacheza Kombe la Shirikisho Afrika.

Kushuka 2016, kupanda 2018, kwenda Afrika 2024. Safari hiyo inawezekana kwa sababu ngazi ni moja. Kungekuwa na ligi kuu mbili, mwaka 2016 Coastal angeweza tu kuhamia kwa mpinzani na kuitwa "ligi kuu" bila kucheza hata mechi moja ya kupanda. Ingeonekana nafuu kwa wiki mbili. Baada ya hapo CAF ingeuliza: nyie ni wa ligi ipi?

Kijana naye ni hivyohivyo. Usajili wake, uhamisho wake na leseni yake vinatambulika nje ya nchi kwa sababu vinapita kwenye chombo kinachotambuliwa na FIFA. Akicheza ligi isiyotambuliwa, magoli yake 20 ni hadithi ya kijiweni.

Ngumi nazo zilipita hapo

Mchezo wa ngumi za kulipwa nchini uliwahi kuwa na vyombo kadhaa kwa wakati mmoja, kama PST, TPBC na TPBO. Mashabiki wa ngumi wanakumbuka usumbufu: bondia ni bingwa wa nchi kwa chombo hiki, na mwingine naye ni bingwa wa nchi kwa chombo kile, uzito uleule. Baadaye usimamizi ukawekwa chini ya kamisheni moja, TPBRC.

Mkoa wa Tanga unajua thamani ya jina linalotambulika. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, alienda Birmingham, Uingereza, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Ushindi kama huo unapanda kwenye orodha za dunia. Ubingwa wa mabishano hauvuki hata Segera.

Si kila ligi mbili ni wapinzani

Hapa tuwe makini. Tanzania Bara na Zanzibar kila upande una ligi yake kuu. Je, nazo ziungane?

Kuanzia 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano iliyokutanisha timu bora za pande mbili. Ilidumu mpaka 2003. Mwaka 2004 Zanzibar ikapata nafasi yake CAF, klabu zake zikaanza kushiriki mashindano ya Afrika kwa tiketi yake yenyewe. Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa CAF, kisha ukafutwa Julai mwaka huohuo. Hata hivyo klabu zake zimeendelea kushiriki.

Piga hesabu. Kwa misimu ya karibuni Bara imekuwa ikipeleka timu nne Afrika, Zanzibar mbili. Jumla sita. Ukiunganisha ligi ziwe moja, hatari ni kupoteza zile mbili. Na timu za Unguja na Pemba zingelazimika kupanda boti na basi kila baada ya wiki mbili, kwa bajeti ambazo tayari zimebana.

Kwa hiyo hapa muungano wa ligi si dawa. Kilichofaa ni kukutana mara moja kwa mwaka. Ndivyo ilivyofanyika Aprili 2024 pale Kombe la Muungano liliporudishwa na Simba kuifunga Azam kwenye fainali Zanzibar. Kila mmoja anabaki na ligi yake, na bado kuna mechi ya kutambiana.

Kipimo ni hiki: ligi hizo zinagombea mtazamaji, mchezaji na kombe lilelile? Kama ndiyo, ziungane. Kama kila moja ina watu wake na kazi yake, ziache.

Wanaopinga muungano wana hoja?

Wanayo, tena nzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba ligi ikiwa moja, wakubwa wanajisahau. Hakuna pa kukimbilia. CART ilianzishwa kwa sababu wenye timu hawakusikilizwa. Klabu za Kenya zilijitoa 2003 kwa sababu hiyohiyo. Mpinzani ni fimbo inayomfanya mkubwa aheshimu watu.

Hoja ya pili ni masilahi ya wachezaji. Wakati AFL na NFL zinagombana, mishahara ilipanda. Mkiungana, mchezaji anakuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi mmoja hupanga bei anayotaka.

Hoja hizi ni za kweli, ila dawa yake si kuwa na ligi mbili mpaka zife. Dawa ni kuwapa klabu na wachezaji sauti ndani ya ligi moja. Tanzania ina mfumo wa Bodi ya Ligi inayoendesha ligi huku TFF ikibaki mama wa mpira. Mfumo huo unalalamikiwa kila msimu kuhusu ratiba na waamuzi, lakini malalamiko yanapigiwa kelele ndani ya nyumba moja. Hakuna anayehama na kombe.

Masharti matano ya muungano unaodumu

Ukisikia viongozi wa ligi yoyote wanasema "tunaungana", iwe ya taifa au ya kata, angalia kama wamejibu haya:

1. Nani mwenye kombe? Marekani waligombana kwa sababu ligi ilikuwa ya huyu na Indianapolis 500 ilikuwa ya yule. Mwenye ligi na mwenye fainali wawe kitu kimoja, au wawe na mkataba wa muda mrefu.
2. Timu ngapi? Kenya waliumizwa na namba mbili tu, 16 na 18. Namba iandikwe, pamoja na utaratibu wa kuibadilisha.
3. Hela inagawanywaje? Asilimia ngapi klabu, ngapi waendeshaji, ngapi madaraja ya chini. Bila hili, ugomvi umelala tu.
4. Ratiba inaanza lini? Msitangaze muungano katikati ya msimu kisha mkajikuta na mbio mbili mabara mawili wikiendi moja.
5. Wa chini wanapandaje? Kama bingwa wa wilaya hajui mlango wake uko wapi, hamjaungana.

Tukirudi kwenye kombe zetu

Ukiwa mratibu wa kombe Korogwe, Handeni, Mombo au Mkata, mambo haya yanafanyika bila mwanasheria. Pigieni simu mwenye kombe la jirani kabla ya kuchapisha bango. Pishaneni wikiendi. Au bingwa wa huku akutane na bingwa wa kule, fainali moja, ng'ombe mmoja mkubwa badala ya mbuzi wawili waliokonda. Chama cha soka cha wilaya kijulishwe, ili waamuzi wawe halali na mchezaji akivunjika mguu pawe na wa kuulizwa.

Mkishindwa kuelewana, jueni kwamba hamtashindana wenyewe kwa wenyewe. Jumamosi hiyohiyo kuna mechi ya Ulaya kwenye kibanda umiza, shilingi mia tano tu na kivuli juu. Marekani NASCAR ndiye aliyekuwa kunguru. Huku kwetu kunguru ni rimoti.